Risasi Ikiwa Bado Maji

Kuna maneno mawili tunayoyatumia bila kuyapekua mifuko. La kwanza ni risasi. Ukilitaja leo kila mtu anaona bunduki, lakini neno lenyewe ni jina la madini: yale ya kijivu, mazito, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha, yanayokaa ndani ya betri ya gari. Kiarabu kilitupa neno hilo likiwa na maana ya madini. Halafu kazi moja ya madini hayo ikawa maarufu kuliko madini yenyewe, na jina likahamia kwenye kazi.

La pili ni kalibu. Sisi wa mjini hatulisikii sana, ila yeyote aliyewahi kufyatua matofali anaijua, hata kama yeye anaiita fremu. Kalibu ni chombo unachojaza kitu kingali laini au majimaji, ili kikishaganda kibaki na umbo ulilotaka wewe. Kuna kalibu ya matofali, ya sabuni, ya risasi. Nalo ni neno la Kiarabu, na wanaisimu wengi wanaamini kwamba ndilo lililovuka bahari likapita Italia na Ufaransa, likawa "calibre", yaani kile kipimo cha mdomo wa bunduki. Ukilifuata nyuma zaidi, wanasema, unafika kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa kiguu cha mbao anachotumia fundi viatu kushonea kiatu.

Kwa hiyo neno lilianza kwenye kiatu likaishia kwenye bunduki. Limetembea.

Sasa, swali langu ni hili. Mtu akikaa chini akachagua kalibu ya risasi, amefanya nini? Hajampiga mtu. Hajashika bunduki. Hajakasirika. Amechagua umbo tu, kama unavyochagua umbo la keki. Je, ana la kujibu?

Msidhani ni swali la kuchezea. Mimi nimekulia Bura, na nazungumzia Bura ya Garissa, kaunti ndogo ya Fafi, ile inayotazamana na Bura ya Tana River ng'ambo ya mto. Huku risasi ni jambo la kila mtu. Lakini katika miaka yangu yote nimesikia watu wakiuliza nani alipiga, nani alipigwa, na bunduki ilikuwa ya nani. Sijawahi kusikia mtu akiuliza nani aliipa ile risasi umbo lake.

*

Hebu kwanza tuone kazi yenyewe inavyofanywa, manake huwezi kuhukumu jambo usilolijua. Nilisomea uhandisi wa mitambo kwa miaka miwili na nusu kabla karo haijanishinda nikaacha, na katika karakana tulisubu aluminiamu kwenye kalibu za mchanga. Kusubu ni kuyeyusha na kumimina. Kwa hiyo msingi wa kazi naujua, ingawa risasi ya bunduki sijaimimina na sina mpango huo. Kenya ukitengeneza risasi bila leseni umevunja Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

Marekani hali ni tofauti. Huko kuna watu wa kawaida kabisa, wastaafu, mafundi, walimu, wanaojimiminia risasi zao nyumbani Jumamosi. Mtu ana chungu cha kuyeyushia, kijiko kirefu, na kalibu: vipande viwili vya aluminiamu, chuma au shaba vinavyofungana kama kitabu, na ndani yake tundu lenye umbo la risasi. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 hivi za Selsiasi. Aluminiamu huyeyuka kwenye 660, ndiyo maana kalibu inabaki salama. Risasi huchanganywa na bati na antimoni ili iwe ngumu kidogo. Ikiwa laini mno, na bunduki ina kasi, inajipaka ndani ya mtutu na kuuchafua.

Kumimina ni kazi ya kujifunza siku moja. Kinachowachukua watu wiki nzima ni kuchagua kalibu. Kwanza kipenyo: risasi ya kumimina lazima iuzidi mtutu kidogo sana, unene wa unywele hivi, ili ikamate ile mifereji ya ndani inayoifanya izunguke. Halafu uzito, ambao hupimwa kwa graini, na graini 7,000 ndizo ratili moja. Nzito hupiga kwa nguvu lakini huenda polepole. Halafu kitako: kiwe bapa, au kiwe na nafasi ya kuvalishwa kikofia cha shaba kinachokinga joto la baruti? Halafu matundu: kalibu itoe risasi moja kwa kila mmimino, au sita? Na mwisho, pua. Pua ya mviringo hupenya. Pua bapa hupiga kama nyundo. Pua yenye tundu katikati hufunguka ikigusa nyama, ikapanuka kama ua.

Yasome tena hayo maswali, polepole. Kipenyo kinauliza kuhusu bunduki. Idadi ya matundu inauliza kuhusu haraka. Pua inauliza kuhusu nyama, inataka kujua mwili ufanywe nini. Na hakuna swali hata moja linalouliza mwili wa nani.

Kwa mtu wa Jumamosi jibu huwa ni ubao wa shabaha, au paa wa msituni, na sina ugomvi naye. Lakini angalia muda alio nao. Anayevuta triga ana sekunde moja, pengine ana hofu, pengine amelewa, pengine ameamrishwa. Sheria yenyewe inamsikiliza akisema "sikuwa na muda wa kufikiri". Anayechagua kalibu ana chai mezani. Amelinganisha bei, amepima faida na hasara, amelala akaamka akaendelea kupima. Katika safari nzima ya risasi, kuanzia machimboni hadi mwilini, yeye ndiye aliyeamua akiwa ametulia kuliko wote. Kama uwajibikaji unaenda na utulivu wa akili, basi yeye angekuwa wa kwanza kuitwa. Badala yake hatumuiti kabisa.

*

Bura huwezi kumpata mwenye kalibu. Risasi za hapa zinakuja zimeshakamilika: kiini, koti la shaba juu yake, ganda, baruti, fataki. Zinakuja na jeshi, na polisi, na polisi wa akiba ambao ni majirani zetu, na nyingine zinavuka mpaka bila kupiga hodi.

Nina abti wangu ambaye ni polisi wa akiba. Siku moja nilimuuliza.

"Abti, hizi risasi hutengenezwa wapi?"

"Mimi najua nimepewa ngapi, abti. Zimetoka wapi, hiyo uliza Nairobi."

Hakuwa ananikwepa. Alikuwa ananieleza jinsi mpango ulivyo. Yeye akipewa risasi anaweka saini. Akirudi, zinahesabiwa, na ikipungua moja anaandika maelezo: ilipigwa wapi, saa ngapi, kwa nini. Mtu huyu hakumaliza hata darasa la nane lakini kila kipande cha madini alichopewa kina saini yake. Ukipanda ngazi kutoka kwake kwenda juu, hadi kwa yule aliyesema "tutengeneze yenye umbo hili, kipenyo hiki, kwa idadi hii", saini zinakuwa za masanduku, halafu za malori, halafu za bajeti, halafu zinapotea.

Na kumbe risasi yenyewe haipotezi kumbukumbu. Ukiokota ganda ukaligeuza, kwenye kitako chake mara nyingi utakuta herufi na tarakimu zimepigwa chapa: alama ya kiwanda na mwaka. Kenya ina kiwanda chake cha risasi Eldoret, kilichoanza kazi miaka ya 1990. Mwaka 2008 shirika la utafiti la Small Arms Survey lilichapisha ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Watafiti walisoma chapa za risasi walizozikuta mikononi mwa wafugaji, wakagundua kwamba sehemu kubwa zilikuwa za aina moja na zile za polisi, zikiwa zimetengenezwa hapa hapa nchini. Yaani risasi iliyokusudiwa kumlinda mchungaji wa huku ikaishia kumuua mchungaji wa kule, ikiwa na chapa ya kwetu kitakoni.

Watu wa Turkana waliulizwa mengi baada ya hapo. Wakapekuliwa, wakanyang'anywa silaha. Aliyepiga ile chapa kiwandani hakupekuliwa, na pengine ni haki asipekuliwe, manake ni kibarua wa zamu. Lakini kati ya kibarua na mchungaji kuna watu wengi waliovaa tai, nao pia walipita bila kuulizwa.

*

Mtu ataniambia: risasi ni risasi, umbo lina maana gani? Dunia haikubaliani naye. Dunia iliwahi kukaa kikao kizima kujadili umbo la risasi.

Mwaka 1868, huko St Petersburg, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kutotumia vitani risasi zinazolipuka zenye uzito chini ya gramu 400. Hoja yao ilikuwa kwamba lengo la vita ni kumpunguzia adui nguvu, na mtu akishaumia asiweze kupigana, kumzidishia maumivu hakuna kazi. Mwaka 1899, The Hague, wakaongeza risasi zinazopanuka au kubapa mwilini. Hizi ziliitwa dum-dum, kwa jina la mji wa Dum Dum karibu na Kolkata, ambako Waingereza walikuwa na kiwanda. Zilikuwa na koti lililoachwa wazi puani, madini laini yakachungulia nje.

Uingereza ikapinga. Mjumbe wake, Sir John Ardagh, alieleza kwamba askari wa nchi iliyostaarabika akipigwa risasi ndogo hujua ameumia, akarudi nyuma apelekwe hospitali. Lakini "mshenzi", kwa maana ya mtu wa makoloni, haelewi hivyo. Anapigwa na bado anakuja. Kwa hiyo wanahitaji risasi tofauti kwa watu tofauti. Waingereza walikuja kujiunga na azimio hilo mwaka 1907.

Nikisoma hoja hiyo nakumbuka methali yetu: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wawindaji wenyewe wanajua tofauti hii, na kwao ina heshima yake. Sheria nyingi za uwindaji duniani humtaka mtu atumie risasi inayopanuka, ili mnyama afe haraka asiende kufia porini kwa siku tatu. Huko risasi katili ndiyo ya huruma. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na hirola wa Arawale, jirani zetu wa Bura, hawaruhusiwi kupigwa risasi ya umbo lolote. Lakini kanuni inaeleweka: umbo moja kwa mnyama, umbo lingine kwa mtu.

Ardagh alichofanya ni kuhamisha mpaka. Kabla ya kuchagua kalibu ya risasi, alichukua watu akawamimina kwenye kalibu kwanza. Walipotoka humo walikuwa na umbo la mnyama, na baada ya hapo kuchagua pua ya risasi likawa suala la kiufundi tu.

Hii haikuwa nadharia ya mbali kwetu. Mwaka mmoja tu baada ya The Hague, 1900, ofisa wa Waingereza Jubaland aliyeitwa Jenner aliuawa, na 1901 jeshi likatumwa kuwaadhibu Waogaden, ambao wajukuu na vitukuu wao ni wengi katika Garissa ya leo. Adhabu haikumtafuta aliyeua. Iliwafuata watu wenye umbo fulani. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikafungwa kama chumba cha mgonjwa. Uhuru ulipokuja Desemba 1963 tuliupokea pamoja na hali ya hatari, na sheria zake zikadumu hadi 1991. Neno "shifta" likawa kalibu mpya: mfugaji, mwalimu, mama wa maziwa, wote walitiwa humo wakatoka sawa. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyafanya huku kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali wakapangwa foleni kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Na kijana wa rika langu kutoka Garissa amekaa mbele ya kamati ya wazee kuulizwa babu yake alizaliwa wapi kabla ya kupata kitambulisho, hadi Februari 2025 Rais Ruto alipotangaza mwisho wa upekuzi huo.

Sichanganyi mambo. Nasema kalibu ni mbili na hufanya kazi pamoja. Anayechagua umbo la risasi bila kuuliza itampiga nani, mara nyingi ni kwa sababu mtu mwingine ameshamjibia swali hilo zamani.

*

Tuje kwa wahunzi. Wasomali wana ukoo wa mafundi chuma unaoitwa Tumaal. Kwa karne nyingi wao ndio waliofua mikuki, visu na vichwa vya mishale. Na kwa karne hizo hizo walidharauliwa. Koo kubwa hazikuwaoza binti zao, hazikula nao. Mkuki ulipendwa, aliyeufua akatengwa.

Nimeisikia dharau hii ikitetewa kwa hoja ya kimaadili: ati mhunzi ana mkono katika kila kifo, kwa hiyo si msafi. Ni hoja yenye uongo ndani yake. Kama mkono wa aliyefua ni mchafu, wa aliyeagiza na akatumia je? Kumtenga Tumaal kulikuwa njia ya kubaki na mkuki huku lawama ukiitupa nje ya boma. Naitaja kwa sababu nisingependa mtu anisome akadhani nataka tuanze kuwatemea mate vibarua wa kiwandani. Jamii inayomdharau mhunzi imejibu swali langu kwa njia rahisi na ya uonevu.

Lakini jamii hiyo hiyo ina jibu lingine, na hili ni zuri. Katika sheria ya kimila ya Wasomali, xeer, mtu akiua hawajibiki peke yake. Kundi lake la ukoo hulipa mag, fidia ya damu: ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. (Kuhusu hiyo nusu ya mwanamke nina maneno makali, lakini ni ya makala nyingine.) Mwaka 2001, viongozi wa jamii za kaskazini mwa Kenya walikutana Modogashe, wakakubaliana kanuni za pamoja za amani, zikiwemo fidia ya mifugo kwa kila aliyeuawa na mapambano dhidi ya silaha haramu. Azimio la Modogashe lilichukua mantiki ya mag likaivusha mipaka ya kabila.

Mantiki yenyewe ni hii: kifo hakina mwenyewe mmoja. Binamu yako alipovuta triga, wewe ulikuwa umemlisha, umemsifu, umenyamaza. Kwa hiyo toa ngamia. Msomi wa Nairobi anaweza kuona hiyo ni kumwadhibu asiye na hatia. Mimi naona ni watu waliokataa uongo kwamba mkono hutembea bila mwili.

Upungufu wa mag ni kwamba inafuata damu tu. Inawafikia binamu, haiwafikii wauzaji. Ukoo wa maskini huko Fafi unaweza kufilisika kwa kulipa ngamia wa risasi ambayo haukuitengeneza, haukuiagiza wala haukuiingiza nchini, huku waliofanya hayo matatu hawadaiwi hata mbuzi. Tungeweza kuuliza swali ambalo wazee wetu hawakulazimika kuliuliza walipokuwa wakimjua kwa jina aliyefua kila mkuki: katika ngamia 100, mwenye kalibu anatoa wangapi?

*

Najua majibu mawili yatakayokuja, na yote yana uzito.

La kwanza: kalibu ni chombo. Fremu ya matofali inaweza kujenga shule au jela. Je, tumfunge seremala aliyeichonga? Hoja hii ingesimama kama kalibu ya risasi ingeweza kutoa kitu kingine. Haiwezi. Kisu kinakata kitunguu na kinaua, kwa hiyo tunamuuliza aliyekishika. Kalibu ya pua yenye tundu inatoa kitu kimoja, na kitu hicho kimekusudiwa kufanya jambo moja kikigusa nyama. Kadiri chombo kinavyokuwa na kazi chache, ndivyo nia ya aliyekichagua inavyoonekana waziwazi. Gari halina nia. Mtego wa panya unayo.

La pili ni gumu zaidi, na linatoka nyumbani. Abti angeniuliza: kwa hiyo nisiwe na risasi? Al-Shabaab wakija usiku, nipige makofi? Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa umri wangu wa sasa, na siku hiyo hakuna aliyeomba risasi zipungue. Aliomba waliokuwa nazo wafike mapema. Anayeishi mahali ambapo polisi hufika kesho yake hana nafasi ya kuhubiri dunia isiyo na bunduki. Mimi pia siihubiri. Nikiwa huku usiku, nalala vizuri zaidi nikijua abti yuko macho na anacho cha kushika.

Lakini tazama: hoja hiyo inamtetea abti, haimtetei mwenye kalibu. Inasema risasi inahitajika. Haisemi anayeamua umbo lake, idadi yake na njia yake asiulizwe. Kinyume chake, kama risasi ni ya lazima, basi ni kama dawa: inahitaji jina la aliyeitengeneza, tarehe, na anayejibu ikimdhuru asiyestahili. Tunajua nani alitengeneza panado tunazonunua dukani. Kuhusu kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kutoboa binadamu, tunaambiwa ni siri ya taifa.

Na msiniambie haiwezekani kumfikia aliyeyeyusha. Kenya imeshafanya hivyo mara moja. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Moshi na maji yake yakaingia majumbani, watoto wakaugua, watu wakafa. Hakuna bunduki iliyolia. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo, akapigania wakazi hadi akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo. Wenye lawama walikuwa wenye kiwanda pamoja na taasisi za serikali zilizotakiwa kusimamia. Hakuna aliyesema kwamba kuna mtu alitaka watoto wafe. Mahakama haikuhitaji chuki ya mtu yeyote. Ilitosha kwamba kulikuwa na watu waliokuwa na nafasi ya kuamua, wakaamua, na madhara yakafuata.

Ikiwa aliyeyeyusha risasi kwa ajili ya biashara ya betri anaweza kuitwa mahakamani, aliyeyeyusha hiyo hiyo akaipa pua anaachwaje?

*

Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, akawaambia risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hazikugeuka. Walikufa maelfu kwa maelfu, na yeye mwenyewe alinyongwa mapema kabisa. Tuliosoma tamthilia ya Ebrahim Hussein tulijifunza kuiona kama habari ya imani na umoja, na hivyo ndivyo ilivyo. Lakini aliyewahi kusimama mbele ya chungu cha madini yaliyoyeyuka anaiona pia kwa jicho lingine. Risasi huwa maji kweli. Inameremeta kama kioo, inatiririka, ukitikisa chungu inafanya mawimbi madogo. Huwa maji kwa dakika chache, kabla ya kuingia kwenye kalibu. Wapiganaji wa Maji Maji waliiomba igeuke ikiwa imeshatoka kwenye mtutu, na hapo hakuna dua inayoiwahi.

Watu wa pwani wana methali isemayo udongo upatilize ungali maji. Tunaitumia kwa malezi ya watoto. Mimi nadhani inahusu pia kila kitu kinachoganda: sheria, sera, bajeti ya ulinzi, jina unaloliita kabila la jirani. Sisi tumezoea kufanya maadili baada ya kuganda. Tunajadili askari alifyatua kwa haki au la, tunaunda tume, tunazika, tunalipa ngamia. Yote ni ya lazima. Yote yanafanyika upande wa mtutu.

Ninachokiomba ni kidogo, na ni cha makaratasi. Kama polisi wa akiba wa Bura anaweza kuweka saini kwa kila risasi aliyopewa na kueleza kila iliyopungua, basi daftari hilo liendelee juu. Aliyeagiza idadi asaini idadi. Aliyechagua umbo asaini umbo na aandike sababu. Kila chapa ya kitakoni ijulikane ilipelekwa kikosi gani, na Bunge liwe na haki ya kuisoma. Siku ganda likiokotwa kando ya kisima, mahali lisipotakiwa kuwa, mzee wa kijiji aweze kuligeuza, asome tarakimu, apige simu, na upande wa pili apokee mtu mwenye jina.